Dawa ya Koga

Galu, 3 Juni 2024

Kwa Kadzo,

Habari za huko Matuga? Nimekupigia simu wiki mbili, naona umenifungia. Ndiyo maana nimempa Kahindi wa bodaboda hii barua. Amesema anapajua kwako.

Nitaenda moja kwa moja. Nyumba inaoza. Tangu mvua za Aprili, ukuta wa kile chumba kikubwa cha upande wa kusi unatoka jasho, na sasa baridi ya Juni imeingia, hakuna kitu kinakauka. Koga imepanda kutoka sakafuni mpaka usawa wa dirisha. Viatu vya Musyoki vimeota manyoya meupe ndani ya kabati. Nimeleta mafundi watatu. Wa kwanza alipaka rangi, koga ikarudi kwa siku kumi. Wa pili alikwangua, ikarudi. Wa tatu aliangalia tu, akaniuliza, "Zamani hii nyumba ilikuwa inatunzwa na nani?"

Wewe ulifanya kazi hapa miaka kumi na mmoja na hatukuona hata doa. Ulikuwa unafanya nini? Niandikie hatua kwa hatua. Kuanzia Julai nina mgeni atakayekaa muda mrefu katika hicho chumba, na nataka kiwe kikavu.

Yale ya mwaka jana yamepita. Kesi iliondolewa, na hakuna mtu alifungwa. Tusonge mbele. Nimekutumia sukari kilo mbili na majani ya chai.

Mumbe, Mama Musyoki


Matuga, 7 Juni 2024

Bi. Mumbe,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Sukari na majani vimefika.

Simu yako sitaifungulia, nawe usinilaumu. Mwaka jana maneno yangu ya mdomo yaligeuzwa mbele ya askari nami nikiwa nimesimama pale pale. Tangu hapo napenda karatasi. Ukiwa na haja nami, andika.

Niliyokuwa nikiyafanya mimi yalikuwa kazi ya kila siku, asubuhi na jioni, nawe sasa huna mtu wa kuyafanya. Nitakupa njia fupi.

Kwanza, upepo wa kusi ndio unaoleta unyevu kutoka baharini. Funga madirisha ya chumba kile, yasifunguliwe mchana wala usiku. Pili, juu ya ukuta, chini ya dari, kuna matundu madogo ya hewa. Mwambie fundi ayazibe kwa saruji. Tatu, ile chokaa ya zamani ndiyo inayonyonya maji. Ikwangue, kisha upake rangi ya mafuta, ile inayong'aa, mikono mitatu. Nne, kabati na kitanda visogezwe mpaka vigusane na ukuta, unyevu usipate mahali pa kukaa. Tano, tandika zulia zito, na godoro ulivishe nailoni.

Fanya hivyo na chumba kitapendeza.

Kadzo wa Iddi


Galu, 22 Juni 2024

Kadzo,

Asante. Fundi amemaliza jana. Ukuta unang'aa mpaka unaweza kujitazama. Zulia nimenunua la kijani. Hata Musyoki amesema chumba kinafanana na cha hoteli.

Kitu kimoja tu. Ukiingia asubuhi kuna harufu, kama ya nguo zilizokaa kwenye ndoo. Nifungue dirisha kidogo?

Naona wewe si mtu wa kuweka kinyongo, na hiyo ni tabia nzuri. Wengine hapa Diani wangenijibu matusi.

Mumbe


Matuga, 25 Juni 2024

Bi. Mumbe,

Usifungue. Hiyo ni harufu ya rangi mpya, nayo huisha ikizoeleka. Ukiona matone kwenye kioo alfajiri, yafute kwa kitambaa na uache vivyo hivyo. Mgeni wako akilalamika, mwambie ndiyo hali ya hewa ya pwani.

Ama kinyongo, mimi ni mtu wa kazi, sina nafasi ya kukilea.

Kadzo


Galu, 19 Julai 2024

Mwanangu Kadzo,

Ni mimi Mbithe, mama yake Mumbe. Usishangae mwandiko kutetemeka. Nilifundisha darasa la kwanza miaka thelathini, nikawapiga watoto vidole kwa mwandiko mzuri kuliko huu.

Nimo hapa Galu tangu tarehe mbili. Kwetu Masii baridi ya Julai ilinishinda. Umri wa miaka sabini na tisa si wa kuchezea. Kifua kilikuwa kinabana, daktari akasema, "Mama, shuka pwani upate joto." Mumbe akaniambia chumba kiko tayari, na kwamba ni wewe uliyempa ushauri wa kukitengeneza, kwa barua. Nilifurahi sana kusikia jina lako likitajwa tena katika nyumba hii. Nikasema, kumbe Kadzo ametusamehe.

Chumba ni kizuri, lakini sijui nina nini. Kikohozi nilichokuja nacho kilikuwa kidogo, sasa kinaniamsha usiku kucha. Macho yanawasha. Jana kalamu yangu iliangukia nyuma ya kitanda. Nilipoinama nikaona ukuta umejaa madoa meusi, na rangi imevimba kama ngozi iliyoungua. Nilibonyeza kwa kidole, yakatoka maji. Mumbe anasema kifua hiki nilikileta kutoka Masii na kwamba nitazoea. Nikimwomba afungue dirisha ananiambia, "Kadzo alikataza."

Kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe. Ninaweza kufungua hata kidogo tu, mchana? Na ukipata nafasi, njoo unisalimie. Mara ya mwisho nilikuona nyuma ya vyuma.

Mama yako, Mbithe


Matuga, 20 Julai 2024

Mumbe,

Nimekupigia simu mara saba tangu nipokee barua ya mama yako, haipatikani. Kahindi nimemwambia asimpe mtu mwingine karatasi hii.

Mtoe mama yako katika chumba kile sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma. Mlaze sebuleni au barazani, penye hewa. Kisha mpeleke hospitali, na umwambie daktari kwamba amelala wiki mbili na zaidi katika chumba chenye koga kisichopumua.

Umeshamtoa? Basi soma.

Yote niliyokuandikia yalikuwa kinyume, nami nilijua. Ukuta wa mawe ya matumbawe hupumua kwa chokaa. Ukiupaka rangi ya mafuta, maji yaliyomo hayana pa kutokea, huoza humo humo. Madirisha nilikuwa nikiyafungua yote mawili, jua likishapanda mpaka alasiri, upepo uingie huku utokee kule. Kabati likae mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Godoro juani kila Ijumaa. Mifereji ya paa isafishwe kabla ya masika. Yale matundu aliyeyaweka alikuwa na akili. Yazibue leo. Koga ifutwe kwa siki, mfutaji akiwa amejifunga kitambaa puani, na zulia litolewe nje.

Nilitaka nyumba yako ioze. Uliniambia mgeni, nikadhani ni mzungu wa kulipa, atakaa siku tatu, aondoke akikutangaza vibaya. Nilitaka ukose usingizi. Nilitaka usimame katikati ya chumba, ukuta ukikubandukia, na usijue wa kumlaumu. Kila nikipita Kombani na kuuona mlango wa Mzee Alfani, nilikuwa naongeza neno katika barua yako.

Unajua kwa nini, lakini nitakuandikia, maana hujawahi kulisikia kinywani mwangu. Agosti mwaka jana nilitoka kazini kwako Ijumaa na kila bomba limefungwa. Jumatatu nikakuta dari imeanguka na maji yamefika magotini. Wewe ukawaambia askari kwamba nilifungua koki ya tangi la darini kwa hasira, eti kwa kuwa ulininyima ruhusa ya wiki ya mahari ya mwanangu. Wakanichukua Alhamisi. Jumamosi watu wa Mzee Alfani walifika kwangu na mahari ya Mwanaima, wakakuta majirani wamesimama uani na mama mtu yuko seli. Waligeuka na vikapu vyao. Nilitoka Jumatatu. Mwanangu hakulia mbele yangu hata siku moja. Yuko Ukunda, anafua mashuka ya hoteli, na jina la kijana yule halitajwi kwetu.

Ila mama yako hamo katika hayo. Katika siku zile tano, mtu mmoja tu wa nyumba yenu alikuja kituoni. Aliniletea chapati na sweta. Sikujua kuwa ni yeye aliyelala pale.

Kadzo


Galu, 2 Agosti 2024

Kadzo,

Mama amekaa hospitali siku kumi na moja. Nne za kwanza alikuwa kwa oksijeni. Daktari ameniuliza mimi, mbele ya manesi, "Ni nani alimlaza huyu mzee mahali kama hapo?" Mimi, mtoto wake.

Nataka ujue kwamba barua zako zote tatu ninazo, nimezitoa nakala. Wakili amezisoma akacheka, akasema hajawahi kuona mtu akijifunga mwenyewe kwa mwandiko safi hivi. Mwaka jana ulitoka kwa sababu hakukuwa na shahidi. Safari hii shahidi ni wewe. Ulipenda karatasi, sasa utaona karatasi inafanya nini.

Jitayarishe.

Mumbe


Matuga, 5 Agosti 2024

Mumbe,

Peleka. Nilipoandika nilijua ninaandika nini na kwa nani. Sitakimbia, sitabadilisha neno. Hakimu akiniuliza kama ni mimi, nitasema ni mimi. Akiniuliza kwa nini, nitasimama pale na kusema mpaka waniambie nikae. Hiyo nafasi niliitafuta mwaka mzima, nawe ndiye unayenipa.

Niambie tu, mama anakula?

Kadzo


Galu, 14 Agosti 2024

Mwanangu Kadzo,

Nimerudi. Nalala sebuleni, milango iko wazi, naona mpaka miti ya jirani. Chumba kile kimebomolewa plasta yote. Kikohozi kimepungua, miguu bado.

Mumbe alinisomea barua yako kitandani hospitali, ile ndefu. Alitaka nikasirike. Nilikasirika kweli, sitakudanganya. Mtu akikutia sumu puani, hata kama hakukukusudia wewe, unakasirika. Kisha akafika mahali pa chapati na sweta, nikamwambia anyamaze.

Kadzo, sweta lile nilikuletea kwa sababu sikuweza kulala.

Mwaka jana nilikuwa hapa Galu kwa wiki moja, utakumbuka. Jumamosi ile Mumbe na mimi tulikwenda kanisani Likoni tukalala kwa shangazi yake mpaka Jumatatu. Musyoki alibaki na rafiki zake, kisha naye akaenda kulala kwao. Jumanne, baada ya dari kuanguka, alikuja kitandani kwangu akilia. Akasema, "Shosho, maji yalikatika, nikapanda darini nikafungua koki ya tangi, nikasahau." Nilimwambia akamwambie mama yake. Akamwambia. Mumbe akasema bima haitalipa kwa uzembe wa mtoto wa nyumba, itakubali tu kama ni uharibifu wa mtu mwingine. Tena Musyoki alikuwa anangojea nafasi ya chuo, na jina lake lisingefaa kuchafuka. Mimi nilisikia yote hayo. Nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Nikanywa.

Nilikuja kituoni kukuletea chapati nikijua kwamba neno langu moja lingekutoa. Ulinishika mkono kwenye vyuma, ukasema, "Mama, Mungu akubariki." Sikulisema.

Nimemwambia Mumbe kwamba siku atakapopeleka barua zako kwa hakimu, nami nitabebwa mpaka pale hata kwa kiti, nikaseme haya. Ameacha kwenda kwa wakili. Hasemi nami vizuri, lakini chakula ananipa.

Sikuombi kitu. Nimekuandikia kwa sababu uliniokoa ukidhani mimi ni mtu mwema.

Mbithe


Matuga, 18 Agosti 2024

Mama Mbithe,

Shikamoo. Salamu nakupa kwa ajili ya mvi zako.

Barua yako niliisoma mara moja, nikaiweka chini ya mtungi, nikaenda shambani nikalima mpaka mikono ikachubuka. Mwaka mzima nilikuombea dua. Katika watu wote wa nyumba ile nilikutenga wewe peke yako. Nilijiambia, Kadzo, usiwe na moyo mweusi kabisa, kumbuka yule mzee wa chapati.

Nitakueleza ukweli kama ulivyonieleza wako. Barua hii ingefika tarehe kumi na tisa Julai badala ya ile, sijui kama ningempa Kahindi karatasi yoyote. Pengine ningesubiri siku moja. Pengine mbili. Namshukuru Mungu kwamba sikupewa mtihani huo, maana najua ningeanguka.

Sasa nisikilize, na umsomee Mumbe.

Kazi siitaki. Fidia siitaki, wala sukari. Nataka Mumbe na Musyoki waje Matuga. Waje Jumamosi, saa nne asubuhi, saa ile ile waliyokuja watu wa mahari. Nitawaita majirani wale wale waliosimama uani kwangu, na Mzee Alfani nitamwita kutoka Kombani. Waseme kwa vinywa vyao, mbele ya watu, kwa sauti ya kusikika. Karatasi haitoshi kwa hili. Majirani zangu wengi hawasomi.

Wakikataa, nitazipeleka barua zote kwa hakimu mimi mwenyewe, na hii yako ikiwa juu. Kama ni kufungwa, tutafungwa wengi.

Kadzo wa Iddi


Galu, 26 Agosti 2024

Mama Mwanaima,

Tutakuja Jumamosi.

Mumbe


Matuga, 2 Septemba 2024

Mama Mbithe,

Shikamoo. Najua Mumbe hatakusimulia, au atasimulia nusu. Nakuandikia mimi.

Walifika saa nne na robo. Mumbe alikuwa amevaa gauni jeusi, Musyoki amenyoa. Niliwapa viti. Chai walipewa, maana mgeni ni mgeni, lakini niliimimina bila kuwatazama. Uani kulikuwa na watu kama arobaini. Mzee Alfani alikaa kwenye mkeka wa mbele na fimbo yake mapajani. Mwanaima alikuja kutoka Ukunda kwa sababu nilimwita, akasimama nyuma kabisa, kwenye mlango wa jiko.

Mumbe alianza kwa maneno ya kuzunguka, mara ilikuwa bahati mbaya, mara watu hawakuelewana. Nikamwambia, "Bi. Mumbe, hivyo sivyo ulivyosema kituoni. Kule ulisema kwa mkato."

Kijana ndiye aliyesimama. Alisema, "Koki niliifungua mimi. Nikasahau. Mama Mwanaima hakuwepo, na sisi sote tulijua." Hapo Mumbe naye akasema, akiwa ameinamisha uso, "Nilimsingizia. Nilijua ninamsingizia." Bi. Mwanasiti, jirani yangu asiyesikia vizuri, akauliza, "Amesemaje?" Nikamwomba Mumbe arudie. Akarudia.

Kisha nami nikasimama. Niliwaambia majirani niliyoyafanya kwa barua, na kwamba mzee wa watu alikaribia kufa kwa mkono wangu. Sikutaka watoke pale wakidhani mimi ni malaika. Baadhi yao hawajanisalimu tangu siku hiyo, nami nimekubali.

Mzee Alfani aliondoa kofia yake. Akasema wameikosea nyumba hii, kijana wake hajaoa bado, na kama tunaridhia, wako tayari kuleta tena mahari mwezi huu. Watu wakaguna kwa furaha. Wanawake walikuwa wamekwisha kuvuta pumzi wapige vigelegele. Nikageuka kumtazama mwanangu.

Mwanaima alitoka mlangoni akaja mpaka kwenye mkeka, akapiga goti kwa adabu. "Shikamoo baba. Nimewasamehe. Lakini siku ile mlifika hapa, mkasikia habari kwa majirani, mkageuka. Hakuna hata mmoja wenu aliyeniuliza mimi. Nilikuwa ndani, nimepakwa hina. Siwezi kuolewa na watu ambao wataniuliza baadaye."

Mzee alivaa kofia yake, akanipa mkono, akaenda zake Kombani.

Nilidhani siku hiyo nitashiba. Usiku nilimuuliza Mwanaima kama anajuta. Akasema, "Mama, mimi nilimaliza zamani. Wewe ndiye uliyekuwa bado uko seli."

Mwanao aliondoka kabla ya adhuhuri. Kwetu mgeni husindikizwa mpaka njia panda, hata awe ni wa kudai kodi. Majirani walinitazama waone kama nitanyanyuka. Mumbe naye alisimama kidogo langoni, mkoba mkononi, akingoja. Sikunyanyuka. Nilikaa juu ya kigoda changu nikamtazama akienda, yeye na mwanawe, mpaka wakapotea kwenye mikorosho. Katika kisasi changu chote hicho ndicho kipande kilichonibakia, na sina nia ya kukitoa.

Wewe ukipata nguvu, njoo. Nitakusindikiza, lakini nitakuwa nimekasirika njia nzima.

Kadzo wa Iddi